Mkataba wa Kambi si Hatimiliki

(Hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya mkutano wa wananchi mjini Nanyuki. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Mmenipa swali fupi kwa maneno lakini refu kwa maana: je, ni halali kampuni ya mtu binafsi kuendesha na kutunza kambi za wageni katika ardhi ya umma? Ninyi mnaoishi chini ya Mlima Kenya hamhitaji kuambiwa kwa nini swali hili lina uzito. Mlima ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, na tangu mwaka 1997 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, kwa miaka mingi mpanda mlima amelipa ada ya hifadhi langoni kwa shirika la umma, kisha akalipia kitanda cha usiku kwa hoteli ya mtu binafsi. Vibanda vya Old Moses na Shipton's, Met Station na Mackinder's, ambavyo vijana wenu wamebeba mizigo kuvifikia, viliendeshwa na kampuni za hoteli zilizoko huku chini.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyependa hotuba ndefu aondoke nalo. Ndiyo, ni halali. Serikali inaweza kumwajiri mtu binafsi aendeshe kambi, na pengine ataiendesha vizuri kuliko serikali yenyewe. Lakini anachopewa mtu huyo ni kazi, si ardhi. Mkataba unapofichwa, unapokosa mwisho, au unapokosa hesabu, ile kazi hugeuka polepole ikawa milki. Hilo ndilo la kuogopa, na ndilo nitakalolizungumzia.

KAMBI NI NINI?

Wengi hudhani kambi ni uwanja wa majani ambapo mtu anakita hema. Kambi ni maji safi. Ni choo. Ni mahali pa moto palipozungushiwa mawe ili cheche zisikimbilie msitu. Ni taka zinazoshushwa badala ya kuzikwa kijuujuu fisi wakazifukua. Ni njia isiyogeuka korongo kila masika, na ni mtu anayeandika majina ya walioingia na kuhakikisha kwamba wametoka.

Katika mbuga zinazosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, kuna kambi za umma na kambi maalum. Ile ya umma ina maji na vyoo, na yeyote aliyelipa anaruhusiwa kukita hema lake kando ya hema la mwenzake. Ile maalum haina chochote ila mahali penyewe. Kundi moja hulipia nafasi na kukaa peke yake. Huko nyikani hata uwanja mtupu wahitaji kutunzwa, maana kila kundi huacha majivu, na kila gari huacha mkondo wa matairi.

Chukueni mfano wa choo, nami naomba radhi kwa wazee. Kambi ya Mackinder's iko katika bonde la Teleki, mwinuko wa takriban mita 4,200. Kwa baridi ya huko, uchafu wa binadamu huoza polepole mno. Mto Naro Moru hushuka kutoka bonde hilohilo, ukapita mashambani na kuungana na Ewaso Ng'iro, ambao mifugo na watu wa Samburu na Isiolo huutegemea. Choo kikijaa juu kule na kisishughulikiwe, mgeni aliyekitumia amekwisha kurudi kwao. Wanaobaki na maji yake ni sisi. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba matengenezo ya kambi ni jambo dogo la watalii, namwomba atazame mto unaelekea wapi.

Sasa, nani atafanya kazi hiyo? Si siri kwamba mashirika yetu ya umma mara nyingi yameshindwa. Bajeti hupitishwa ikiwa imechelewa, fedha za maendeleo hukatwa kwanza, na tangi lililotoboka hungoja mwaka mzima saini ya mtu aliyeko Nairobi. Mtu binafsi hawezi kungoja, kwa sababu mgeni asiyepata maji leo hatarudi kesho. Hiyo ndiyo hoja ya wanaotetea uendeshaji wa watu binafsi. Ni hoja ya kweli, wala sikuja hapa kuibeza.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaorodhesha ardhi ya umma. Ndani yake mna misitu ya serikali, mbuga za kitaifa, hifadhi za wanyama na vyanzo vya maji. Katiba haisemi kwamba ardhi hiyo ni mali ya serikali. Inasema kwamba serikali huishikilia kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Na kifungu hichohicho kinasema kwamba ardhi ya umma haitatolewa wala kutumiwa kwa namna nyingine ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge inayoeleza aina na masharti ya matumizi hayo.

Neno amana mnalijua vyema. Jirani akikuachia ng'ombe wake asafiri, unaweza kumwajiri kijana wa kumchunga na ukamlipa kwa sehemu ya maziwa. Huwezi kumpa kijana huyo ng'ombe. Hata ukimpa kwa maandishi na mihuri kumi, hukutoa chochote, kwa kuwa hukuwa na cha kutoa. Waziri, gavana, mkurugenzi wa shirika: hao wote ni jirani aliyeachiwa ng'ombe.

Hapa sheria inatofautisha mambo mawili ambayo lugha ya mitaani huyachanganya. Kuna leseni, na kuna ukodishaji wa ardhi. Leseni ni ruhusa ya kuingia na kufanya kazi fulani. Ruhusa ikiisha, mwenye leseni hutoka na mabegi yake. Ukodishaji humpa mtu haki katika ardhi yenyewe. Haki hiyo yaweza kuandikishwa, kurithiwa, kuuzwa kwa mwingine, hata kuwekwa rehani katika benki. Mkataba wa kuendesha kambi wapaswa kuwa leseni. Ukikuta umeandikwa kama ukodishaji wa miaka thelathini au hamsini, juweni kwamba aliyeuandika hakuwa akifikiria vyoo.

Kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kutumia maliasili iidhinishwe na Bunge, na mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria ya kutaja aina za mikataba hiyo. Lakini mkataba wa kambi moja yenye vitanda ishirini huenda usifike mbele ya wabunge kamwe. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza haumo Bungeni, umo katika macho ya wakazi wa mahali penyewe.

KWA NINI WAKENYA WANA WASIWASI

Wapo wanaotulaumu kwamba tunamwona kila mwekezaji kuwa mnyakuzi. Wasiwasi wetu haukuzuka hewani. Mwaka 1989, wakati wa chama kimoja, ilikusudiwa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kwa ajili ya makao ya gazeti la chama tawala na ofisi nyinginezo. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kuuliza kwa nini bustani ya watu wote igeuzwe mradi wa wachache. Alitukanwa Bungeni, lakini mradi ukaachwa. Mwaka 1998 ikagunduliwa kwamba sehemu za Msitu wa Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999, alipokwenda kupanda mti huko pamoja na wenzake, walishambuliwa na genge la watu, naye akajeruhiwa kichwani.

Baadaye tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilichunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004. Misitu, mbuga, viwanja vya barabara na vya shule, vyote vilikuwa vimeguswa. Somo la ripoti hiyo kwa mwanasheria ni kwamba unyakuzi haukuja na panga peke yake. Ulikuja na barua ya ugawaji, na ramani, na muhuri, na mara nyingi sana na maneno matamu kuhusu maendeleo. Kwa hiyo anayetuomba tumwamini leo asikasirike tunapomwomba atuonyeshe karatasi.

MIFANO MIWILI YA NYUMBANI

Kuna mifano miwili ya hapa nchini inayostahili kuchunguzwa bila ushabiki.

Wa kwanza ni Pembetatu ya Mara, sehemu ya magharibi ya Hifadhi ya Maasai Mara, yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 510. Mwaka 2001 baraza la Trans Mara lilikabidhi usimamizi wa eneo hilo kwa Mara Conservancy, shirika lisilotafuta faida. Shirika lingetunza barabara, kambi na doria dhidi ya wawindaji haramu, na kulipwa kwa mgawo wa mapato ya malangoni. Ardhi haikuhama mikononi mwa umma, na ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 eneo hilo likawa chini ya Kaunti ya Narok. Barabara zilitengenezwa, mitego iliondolewa, na shirika likawa linachapisha taarifa za kazi yake mwezi kwa mwezi. Hayo ni mafanikio, na ni haki yasemwe.

Lakini tazameni pia udhaifu wake. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, wageni walipotoweka, mapato ya malango yalianguka na shirika likalazimika kuomba misaada ili askari wa doria waendelee kulipwa. Mfumo unaotegemea tiketi za wageni hupata njaa siku wageni wasipokuja, ilhali wanyama na misitu havina likizo. Mkataba mwema hutenga akiba ya siku hiyo.

Mfano wa pili ni Karura yenyewe. Baada ya kuokolewa na wanyakuzi, msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ulibaki mahali pa kuogopwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya wananchi kushiriki katika usimamizi, na mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura. Kwa ushirikiano na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS, ua wa umeme ulijengwa, njia zikasafishwa, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma. Tangu wakati huo familia za Nairobi zimetembea pale ambapo hapo awali hakuna aliyethubutu kupita peke yake. Karura si kambi ya mahema, lakini swali lake ni lilelile letu: mlinzi wa mali ya umma hulipwa kutoka mfuko upi, na nani anauona mfuko huo?

Swali hilo lilipasuka hadharani mnamo Agosti 2025, KFS ilipotangaza kwamba ada za Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura walipinga, wakisema kwamba fedha zikienda kwenye mfuko mkuu msitu utabaki bila mlishaji. Suala likafikishwa mahakamani.

Mimi nasema kila upande ulishika ncha moja ya ukweli. Ni kweli kwamba fedha za umma haziwezi kukaa nje ya macho ya umma, hata zikiwa mikononi mwa watu wema. Na ni kweli kwamba ada iliyotozwa msituni ikimezwa na hazina kuu, ua utaanguka. Kifungu cha 206 cha Katiba kimeliona jambo hili. Kinaamuru fedha ziende katika Mfuko wa Pamoja, kisha kinaruhusu Bunge litunge sheria ya kuliacha shirika la umma libaki na kilichokusanywa ili kugharimia kazi zake. Dawa ipo: fedha zionekane zote, na sehemu inayotakiwa kwa matengenezo ibaki mahali pa kazi kwa nguvu ya sheria, wala isitegemee hisani ya afisa.

TUTAZAME MAREKANI

Wanaotetea uendeshaji wa kampuni hupenda kutuambia, "Tazameni Marekani." Basi na tutazame, kwa kuwa wenzetu hao wamelifanya jambo hili kwa muda mrefu na wamejikwaa mahali ambapo sisi tunaweza kuruka.

Sheria yao ya mwaka 1950 iitwayo Granger-Thye inairuhusu idara ya misitu kumpa mtu binafsi kibali cha kuendesha majengo na viwanja vya serikali, kambi zikiwamo. Mwendeshaji hukusanya ada za wapiga kambi na kulipa kodi kwa serikali. Uzuri wake umo katika mpangilio wa matengenezo. Kazi za kila siku, kama kusafisha vyoo, kuzoa taka na kukata majani, ni mzigo wa mwendeshaji mwenyewe. Kazi kubwa, kama kubadilisha mabomba au kujenga choo upya, ni za mwenye mali, yaani serikali. Mwendeshaji anaweza kuzifanya kwa makubaliano na gharama yake ikakatwa katika kodi anayodaiwa. Kwa njia hiyo kodi ya kambi hurudi kambini ikiwa bomba jipya. Jambo hilo tunaweza kuliiga kesho asubuhi.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2004 Bunge lao lilitunga sheria ya kuweka mipaka ya ada katika ardhi ya umma. Mtu anayeegesha gari tu na kutembea msituni, bila kutumia huduma zilizojengwa, hapaswi kutozwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufani iliamua kwamba idara ya misitu ilivunja sheria hiyo ilipowatoza watu wa aina hiyo huko Mlima Lemmon, Arizona. Wananchi wakashangilia. Lakini mwaka 2014 mahakama nyingine, mjini Washington, iliamua kwamba mipaka hiyo huifunga serikali, haimfungi mwendeshaji binafsi aliyepewa kibali na serikali hiyohiyo. Maana yake ni kwamba serikali iliyokatazwa kutoza kwa mkono wa kulia ilipata mkono wa kushoto. Haki ya mwananchi haikufutwa na Bunge. Ilipotea katika mwanya kati ya sheria na mkataba.

Kuna kisa cha pili, nacho ni cha kuchekesha na kuhuzunisha. Katika hifadhi ya Yosemite, California, ipo kambi ya mahema iliyoanzishwa mwaka 1899 na kuitwa Camp Curry, baadaye Curry Village. Kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma huko ilikuwa imesajili majina ya mahali kadhaa, likiwamo hilo, kuwa alama zake za biashara. Iliposhindwa katika zabuni mwaka 2015, ilidai ilipwe thamani ya majina. Mwaka 2016 hifadhi ikalazimika kubadilisha majina ambayo wajukuu waliyarithi kwa mababu. Shauri lilimalizwa mwaka 2019 kwa malipo ya dola milioni 12, sehemu yake ikitoka kwa serikali, ndipo majina yakarudi. Fikirini mtu aondoke na jina la Teleki au la Sirimon mfukoni, kisha atuuzie!

Tena, mnamo Oktoba 2013, serikali yao iliposimama kwa kukosa bajeti, idara ya misitu iliamuru hata kambi zilizoendeshwa na kampuni zifungwe, ingawa hazikuwa zikilipwa kutoka hazina. Kumbe hata mwendeshaji mwaminifu anahitaji mkataba unaomlinda dhidi ya serikali yenye kigeugeu. Haki ni ya pande zote mbili, na wakili anayewaambia vinginevyo anawadanganya.

MASHARTI TUNAYOPASWA KUYADAI

Ndugu zangu, kutokana na hayo yote, haya ndiyo masharti ninayopendekeza kwa kila mkataba wa kambi katika ardhi ya umma, uwe wa KWS, wa KFS au wa kaunti.

Kwanza, zabuni iwe ya wazi, na mkataba uwe leseni yenye kikomo. Muda utoshe mwendeshaji kurudisha gharama za tangi na paa, usitoshe yeye kuzeeka na kurithisha. Asiruhusiwe kuukabidhi kwa mwingine kimyakimya, wala kuweka mahali hapo rehani.

Pili, liwepo daftari la matengenezo. Siku ya kuanza, kila choo, bomba, banda na njia viandikwe hali yake mbele ya mashahidi wa wenyeji. Kazi za kila siku zitengwe na kazi kubwa. Anayekata gharama katika kodi aonyeshe kazi iliyokaguliwa, asionyeshe risiti peke yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kambi nyingi zimeisha hivyo.

Tatu, mipaka ya ada inayomfunga mwenye mali imfunge na mwendeshaji, na iandikwe hivyo ndani ya mkataba wenyewe. Mwenye hema lake apate mahali pake kwa bei anayoimudu mwananchi wa kawaida. Mwanafunzi wa Nanyuki asiutazame mlima wake kutoka barabarani kama picha ya kalenda.

Nne, hesabu zichapishwe kila mwaka: zilizoingia, zilizotumika, zilizokwenda serikalini, na zilizobaki akiba. Mkataba umpe Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ruhusa ya kufungua vitabu vya mwendeshaji vinavyohusu kambi hiyo, ili pasizuke ubishi kwamba hizo ni siri za kampuni.

Tano, majengo yote na majina yote yabaki ya umma. Anayejenga ajue tangu mwanzo kwamba atalipwa nini akiondoka, au hatalipwa.

Sita, wapagazi, waongozaji na vyama vya wananchi vinavyotunza msitu watajwe katika mkataba. Watu waliokuwa wakizima moto wa msitu kabla ya kampuni kusajiliwa hawawezi kugeuzwa wageni siku lango jipya linapojengwa.

Saba, kuwe na dhamana ya fedha iliyowekwa kabla ya kazi kuanza. Mwendeshaji akiacha uchafu au akitoroka, fedha hizo zisafishe. Na pande zote zijue ni makosa gani yanavunja mkataba, na baada ya onyo la siku ngapi.

TUFANYE NINI?

Mtaniuliza, sisi ni nani hata tudai hayo? Ninyi ni wenye ng'ombe. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili wala muhuri. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, yenye maswali manne: nani anaendesha kambi hii? Kwa mkataba wa lini hadi lini? Analipa nini, na zinakwenda wapi? Daftari la matengenezo liko wapi? Akikataa kujibu, mpelekeni kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman.

Na kama jibu litaonyesha kwamba mazingira yanaharibiwa, Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Zamani mahakama ilikuwa ikimuuliza mlalamishi, "Wewe umepoteza nini?" kisha ikamfukuza. Profesa Maathai alifukuzwa hivyo katika shauri la Uhuru Park. Mlango uliofungwa usoni pake sasa umefunguliwa na Katiba. Itakuwa aibu kwetu kuupita bila kuingia.

Kuna watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Yatawafukuza wa aina moja tu, yaani yule aliyekuja kwa ajili ya ardhi. Aliyekuja kufanya kazi atafurahi kujua mipaka yake, kwa sababu mipaka hiyohiyo itamlinda siku gavana mpya atakapotaka kumpa binamu yake kambi ile.

Mageuzi tuliyoyapigania katika nchi hii hayakuwa ya kuweka masanduku mengi ya kura peke yake. Yalikuwa ya kumfanya mwenye madaraka atoe hesabu kwa mwenye mali. Hesabu hiyo huanzia mahali padogo: kwenye choo cha kambi, kwenye risiti ya lango, kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini. Naomba kamati yenu isivunje kikao hiki kabla ya kuchagua mtu wa kuandika barua ya kwanza, na kabla ya kuandika katika kumbukumbu tarehe ya siku ya ishirini na moja.